Mgonjwa Hatundikwi

Nilipata sifuri katika swali nililolimaliza kabla ya watu wote.

Sisemi alama chache. Nasema sifuri, yai zima, la wino mwekundu. Swali lilikuwa la viungo vya ndani ya mwili, alama ishirini, na mimi kazi yangu ni kuchinja mbuzi na kuuza nyama. Kwa miaka ishirini na sita nimefungua matumbo asubuhi kama wenzangu wanavyofungua madirisha. Kama kuna kitu ninachokijua hapa duniani, ni mahali ini linapokaa.

Lakini kwanza nieleze mtu kama mimi alifikaje darasani.

Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitatu. Sikufukuzwa wala sikuugua. Niliichoka, nayo nadhani ilikuwa imenichoka zaidi. Nikahangaika na vibarua miaka kama mitano, kisha nikashika kisu. Baadaye nikaoa, tukapata watoto watatu, kisha mama yao akaondoka na mwenye lori. Nalisema hilo mapema ili msomaji asikae akimsubiri arudi. Sisi wenyewe tuliacha kumsubiri zamani.

Mtoto wa kwanza ni binti wa miaka kumi na minne. Tunamwita Profesa, kwa sababu hajawahi kukubali kwamba amekosea. Wa pili ni mvulana wa miaka tisa, Bonge, na ukimwona hutauliza kwa nini. Wa mwisho ni msichana wa miaka mitano, kitindamimba, basi tunamwita Kitinda.

Karibu miaka mitatu iliyopita Bonge alikanyaga kipande cha bati kikampasua mguu. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Kulikuwa na muuguzi mmoja na foleni iliyotoka nje ya mlango. Akaniambia nimshike mtoto. Nikamshika. Akaniambia nibane hapa juu ya jeraha. Akakuta nimeshabana, maana damu inakopita nakujua. Alipomaliza kushona nyuzi tisa aliitazama mikono yangu, akasema, "Baba, wewe umekaa upande usio wako wa meza hii."

Maneno yale yalinikwama kama mfupa kooni. Nilikuwa nimeshika viumbe maelfu kwa mikono hii, na Bonge ndiye wa kwanza aliyeondoka akiwa mzima.

Nikaenda chuo cha uuguzi kuuliza. Wakaniambia wanataka cheti chenye masomo manne: lugha, hesabu, kemia na biolojia. Tena hawapokei mtu aliyetimiza miaka arobaini na mitano. Mimi wakati huo nilikuwa na arobaini na mbili, na cheti changu kilikuwa kisu. Nikajiandikisha madarasa ya jioni ya watu wazima.

Siku zangu zikawa hivi. Saa kumi na moja alfajiri nachemsha chai, namsuka Kitinda nywele. Mwanzoni nilikuwa nazifunga kwa fundo lile lile ninalofungia miguu ya mbuzi, kwa sababu halifunguki. Mwalimu wake aliniandikia barua. Saa kumi na mbili niko nyuma ya bucha, nachinja mbuzi wawili, nawakata vichwa na kwato, nawatundika, nachuna, nafungua. Mchana wateja wakipungua nasoma. Karatasi zangu nilizibandika ukutani juu ya mizani, na kwa kuwa nilizibandika kwa mikono ya kazini, nyingine ziling'aa mafuta hata ukaweza kuona ukuta kwa nyuma. Saa kumi na moja jioni niko darasani. Profesa anapika, Bonge anaosha vyombo huku akilalamika, Kitinda anasimamia.

Lugha nilipita. Hesabu ilinitoa jasho ila nilipita. Kemia nilipita kwa alama moja, na alama moja ni alama. Ikabaki biolojia tu, na huu ndio mwaka wa mwisho: mwezi wa pili natimiza arobaini na mitano. Nikifeli biolojia, basi, nirudi kwenye gogo langu la kukatia nyama nife nalo.

Wala sikuogopa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nilitangaza mtaa mzima.

"Biolojia?" nilimwambia Fundi Cherehani, jirani yangu anayeshona nguo kwenye kibaraza cha duka la pili. "Biolojia mimi naiuza kwa kilo."

"Usitukane mamba kabla hujavuka mto," alisema, uzi uko mdomoni.

"Mamba mwenyewe mlete nimchune."

Basi ikaja siku ya jaribio, wiki tatu kabla ya mtihani wenyewe. Mwalimu wetu ni muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na wote tunamwita Sista. Swali la mwisho lilikuwa na picha ya kiwiliwili kitupu, hakina kichwa, mikono wala miguu, mistari mitupu. Tuchore ndani yake moyo, mapafu, ini, bandama, tumbo, figo na kibofu, kisha tueleze kila kimoja kiko wapi. Nilicheka peke yangu. Nilichora haraka kuliko ninavyokata mbavu. Nikaandika maelezo: figo ziko juu, ini liko chini yake, moyo na mapafu viko chini kabisa. Mkojo ukitoka kwenye figo hupanda kwenda kwenye kibofu. Nikaweka kalamu, nikawatazama wenzangu wakitafuna zao.

Siku mbili baadaye nikapewa lile yai.

"Sista," nilisema, "hapa umenionea."

"Nimekuonea wapi?"

"Nimefungua mbuzi zaidi ya elfu kumi. Ini haliwezi kunidanganya."

Alivuta miwani ya kichwani akaiweka juu ya ile ya usoni, akaitazama tena karatasi yangu. "Mwanangu, mtu mwenye mwili huu anakojoa kwa masikio."

Darasa zima liliangua kicheko. Kuna mama mmoja muuza mboga alicheka mpaka akatolewa nje kunyweshwa maji. Mimi nilikunja karatasi nikaondoka bila kuaga, na hiyo ni tabia mbaya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake mchana Profesa alitoka shule akanikuta dukani nimekaa mbele ya karatasi ile, uso umenikunjamana kama utumbo. Tajiri, mwenye bucha, alikuwa pale pia, anapanga mifuko na kujifanya hasikilizi.

"Niache," nilimwambia binti yangu. "Kitabu chao ni kibovu. Au binadamu wameumbwa vibaya, sijui."

Profesa alivuta kigoda akakaa ng'ambo ya meza, uso kwa uso na mimi. Karatasi ilikuwa katikati yetu. Aliitazama. Akanyamaza. Sasa, Profesa akinyamaza ujue kuna hatari.

"Baba, mbona uko sahihi?"

"Nilimwambia huyo mama!"

"Hapana, subiri. Moyo uko mahali pake. Mapafu sawa. Ini kulia, bandama kushoto, kibofu chini. Kila kitu kiko sahihi. Amekupaje sifuri?"

Nikaigeuza karatasi nimwonyeshe vizuri, imwelekee yeye. Akakunja uso. "Sasa ni makosa matupu."

"Karatasi ni hiyo hiyo!"

Akairudisha ilivyokuwa. "Sasa ni sahihi." Akaigeuza tena. "Makosa." Kisha akanitazama kwa namna ambayo mtoto hapaswi kumtazama mzazi wake. "Baba. Huyu mtu, kichwa chake kiko wapi?"

"Hana kichwa. Hata kwenye picha hakikuwepo."

"Kama kingekuwepo, kingekuwa upande gani?"

Nikaweka kidole bila kufikiri. Nikakiweka upande wa chini wa karatasi.

Tajiri aliacha mifuko yake. Wote watatu tuligeuka tukamtazama mbuzi wa siku ile, amening'inia kwenye ndoano nyuma yangu kama kawaida, mapaja juu, shingo chini, hana kichwa wala kwato. Mstari kwa mstari, alikuwa ile picha ya mtihani.

"Kumbe," nilisema.

"Miaka ishirini na sita," alisema Tajiri, "na hujawahi kumwona aliyesimama?"

"Aliyesimama namwona kwa nje, Tajiri. Ndani namwona akiwa ametundikwa."

Profesa alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka hata sauti imekwisha.

Jioni ile nilimpelekea Sista ile karatasi nikaiweka mbele yake kichwa chini. Aliitazama kwa miwani zote mbili. Alicheka mpaka akazivua zote.

"Miaka arobaini nimefundisha," alisema, akijifuta macho. "Wapo waliosahau, wapo waliokisia. Wewe umejua kila kitu, juu chini."

"Kwa hiyo narudishiwa alama zangu?"

Kicheko kilikatika hapo hapo. "Zipi? Mwanangu, siku moja utaambiwa umchome mgonjwa sindano, au umsikilize moyo upande wa kushoto. Utamtundika kwanza ndiyo ujue kushoto ni wapi?"

"Hapana, Sista."

"Mgonjwa wangu hatundikwi. Anakutazama usoni, amelala au amekaa, na kushoto ni kwake yeye. Si kwako. Sifuri inabaki. Una wiki tatu za kumshusha huyo mtu kwenye ndoano."

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Thubutu. Jaribu wewe kuambiwa ghafla kwamba mlango wa nyumba yako uko kwenye paa. Kichwa kilielewa mara moja. Mkono ndio uliogoma. Kila niliposhika kalamu, figo zilipanda juu zenyewe, na nilipomgeuza mtu wangu akae kichwa juu, kushoto na kulia vikanichanganya upya. Mbuzi aliyetundikwa tumbo likikuelekea, kushoto kwake ni kushoto kwako. Mtu akisimama mbele yako, kushoto kwake ni kulia kwako. Kwa hiyo nilikuwa nakosea mara mbili kwa wakati mmoja.

Profesa akachukua usukani. Alimlaza Bonge juu ya meza ya chakula, shati limefunuliwa, akanipa chaki.

"Ini," aliamuru.

Nikachora.

"Baba, hicho ni kinena changu!" Bonge alipiga kelele.

"Tulia, mgonjwa hasemi."

"Mgonjwa anasema!" alisema Profesa. "Tena ndiye wa kuulizwa. Baba, muulize kushoto kwake ni wapi."

"Bonge, kushoto kwako ni wapi?"

Bonge alifikiri kwanza. "Ule mkono ambao siandikii."

"Basi anzia hapo kila siku," alisema Profesa. Nikaanzia hapo. Kila asubuhi, chai ikichemka, nilimlaza Bonge nikamuuliza mkono asioandikia, kisha nikachora kuanzia shingoni kushuka. Alikuwa na mtekenyo kupita kiasi. Bandama haikuwahi kumkaa mahali pamoja. Kitinda naye akataka kuwa mgonjwa, akachorwa figo mbili mgongoni, akaenda nazo shule. Mwalimu wake aliniandikia barua ya pili.

Dukani nako mambo yakaharibika kwa namna yake. Mteja akiomba paja la kushoto nasimama na kisu nikiwaza, la kushoto kwa nani?

"Huyu mtu amerogwa," alisema mteja mmoja.

"Hajarogwa," alijibu Fundi Cherehani kutoka kibarazani kwake, hana hata haya. "Anasomea udaktari wa mbuzi. Nyie wenye mbuzi wanaoumwa kichwa, msimpelekee, atawaambia kimeshakatwa."

Nilimwambia aendelee kushona. Moyoni nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimetamba mtaa mzima, na sasa mtaa mzima ulikuwa unahesabu siku pamoja nami.

Siku ya mtihani Kitinda alinifunga uzi mwekundu mkono wa kushoto. "Huu ndio mkono usioandikia, baba," alisema. Niliufungua mlangoni pa ukumbi, nikautia mfukoni. Nilikuwa na hofu kwamba wataniambia ni wizi wa mitihani.

Tulikuwa kama mia moja na ishirini. Msimamizi alikuwa bwana mwembamba mwenye tai iliyombana, anatembea kati ya madawati akisimama nyuma ya watu. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri: seli, damu, upumuaji, mbegu na mimea yao. Nikafungua ukurasa wa mwisho.

Kiwiliwili. Hakina kichwa. Alama ishirini na tano.

Nilishika kalamu. Nilijua kabisa. Nilijiambia, kichwa kiko juu, kichwa kiko juu. Na mkono wangu, huu mkono ambao umenilishia watoto, ukaenda moja kwa moja ukachora figo karibu na shingo.

Nikazifuta. Nikaangalia saa ya ukutani: zimebaki dakika ishirini. Picha ile ikawa inacheza. Mara ni mtu, mara ni mbuzi wa alfajiri. Nikamtafuta Bonge kichwani, lakini niliyemwona ni Bonge anayejikunyata na kucheka, bandama inakimbia. Nikawaza, hapa hakuna mtu wa kumuuliza.

Kisha nikawaza, yupo. Mimi mwenyewe nimeketi hapa, kichwa kiko juu, na sijatundikwa popote.

Nikaweka kalamu chini, nikaingiza mkono ndani ya shati. Nikagusa shingo. Nikashuka. Hapa moyo, unagonga, unaelekea mkono nisioandikia. Chini ya mbavu, upande wa pili...

"Mzee."

Msimamizi alikuwa amesimama juu yangu.

"Unatafuta nini ndani ya shati?"

"Ini," nilisema.

Ukumbi mzima uligeuka. "Simama," alisema. "Toa ulichonacho."

"Siwezi kulitoa, bwana. Nikilitoa nakufa."

Watu walicheka, naye akawa mwekundu wa masikio. Akaniamuru nifungue shati. Nikafungua mbele ya watu mia moja na ishirini, kitambi na yote. Akaangalia huku, akaangalia huku, akanipapasa mifuko, akatoa uzi mwekundu wa Kitinda.

"Hii ni nini?"

"Binti yangu wa miaka mitano amenifunga ili nisisahau kushoto."

Alinitazama usoni muda mrefu. Sijui aliona nini. Nadhani aliona mtu wa miaka arobaini na minne aliyesimama kifua wazi, anayeogopa kama mtoto. Akaniwekea uzi mezani. "Kaa. Una dakika kumi na moja. Na ulichonacho ndani ya shati kiache humo humo, lakini ukikitaka, kiguse."

Nikakaa bila hata kufunga vifungo. Mkono mmoja kifuani, mwingine kwenye karatasi. Nilichora kuanzia shingoni kushuka, kila kiungo nikikigusa kwanza. Mkojo ukatoka kwenye figo, ukashuka. Naapa nilipoandika "hushuka" nilibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza, wiki nne kabla sijatimiza umri wao. Nilikuwa dukani, mikono imejaa, kwa hiyo Profesa ndiye aliyefungua bahasha. Tajiri aliacha mizani ikiwa na nyama ya mtu. Fundi Cherehani alikuja na futi yake shingoni.

Profesa alisoma kimya kwanza, kwa sababu ndivyo alivyo.

"Nitakukata kama hili paja," nilimwambia.

"Umepita," alisema. "Biolojia ndiyo umepata alama ya juu kuliko zote." Kisha yule binti asiyekosea mbele ya watu akanirukia na nguo zake safi za shule, damu na mafuta yakamwingia, wala hakujali.

Tajiri alisema, "Sasa nani atanichinjia mbuzi?" lakini alikuwa anacheka. Tukakubaliana kwamba nitamchinjia alfajiri kabla ya masomo, kama zamani, maana watoto hawali vyeti.

Fundi Cherehani akasema vazi la kwanza la chuo atanishonea yeye, lile jeupe lao, asije mtu mwingine akaniharibia. Nilijua ndiyo njia yake ya kuomba radhi. Nikanawa mikono mpaka viwiko, nikasimama kwenye kibaraza chake. Bonge na Kitinda walikuwa wameshafika kutoka shule, wamekaa kwenye ngazi wakitazama kama sinema.

Alinipima mabega. Akanipima kifua, akataja namba kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kisha akakunjua futi.

"Nyoosha mkono wa kushoto."

Nilinyoosha nusu, nikasita. "Kushoto kwako au kwangu?"

Aliondoa pini mdomoni. "Kwako, bwege wee. Si wewe ndiye mwenye mwili?"

"Ule asioandikia," Kitinda alimwelekeza.

Nikaunyoosha.